Barua ya halmashauri kuhusu kuni za Samhain

Dada wa Tallaght:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu salamu. Nimepokea barua kutoka halmashauri ikinitaka niondoe paleti na matairi yaliyorundikwa nyuma ya nyumba ninayopanga kabla ya tarehe 31 Oktoba, la sivyo nitatozwa gharama. Mzigo huo ni wa vijana wa mtaa, ambao wamekuwa wakiukusanya tangu Septemba kwa ajili ya moto wa mkesha wa Samhain, sikukuu ya kale ya hapa Ayalandi. Nipo kwenye HAP (msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba), nina Stamp 4 (kibali cha ukaazi), na maombi yangu ya uraia yamekwisha kupelekwa. Naomba kujua: anayepaswa kujibu ni mimi au mwenye nyumba, na je, barua ya namna hii huingia katika faili la uraia?

Kaka wa Limerick:
Pole sana, dada. Mwaka jana mtaani kwetu lori lilibeba kila kitu asubuhi, na kufikia jioni vijana walikuwa wamekwisha kujaza upya, safari hii pamoja na kochi la jirani. Yangu yalikuwa makubwa zaidi, kwa sababu mwanangu alikutwa na fataki zilizotoka Ayalandi ya Kaskazini, nami sikujua kwamba hapa Jamhuri kuwa nazo bila leseni ni kosa, na kwamba mwenye nia ya kuziuza au kuzisambaza anaweza kupata faini ya hadi euro 10,000 na kifungo cha hadi miaka mitano. Kwa kuwa Samhain ni mungu wao wa wafu, nashauri watoto wetu wabaki ndani usiku huo.

Mzee wa Navan:
Kijana, usiwatie watu hofu kwa jambo usilolisoma. Hakuna mungu wa wafu mwenye jina hilo. Samhain ni sikukuu ya kumaliza mavuno na kuingia nusu ya giza ya mwaka, wakati ambapo ng'ombe walirudishwa kutoka malisho ya kiangazi, na wale ambao malisho ya baridi yasingewatosha wakachinjwa. Moto unaomsumbua dada yetu una ukoo mrefu. Huku Meath, karibu na Athboy, kipo kilima cha Tlachtga, ambako kwa mujibu wa Geoffrey Keating, padri aliyeandika historia ya Ayalandi katika karne ya 17, madruidi, yaani makuhani wa Wakelti, watu wa kale wa huku, waliwasha moto wao usiku huo huku mioto mingine yote nchini ikiwa imezimwa. Na pale kilimani Tara, katika kaburi la mawe lenye umri wa takriban miaka 5,000, jua linapochomoza mwanzoni mwa Novemba hupenya hadi ndani.

Binti Makunduchi, Cork:
Maneno ya Mzee yamenirudisha nyumbani, kwenye Mwaka Kogwa, wanaume wanapopigana kwa migomba na kibanda cha makuti kinapochomwa ili mwaka wa zamani uondoke na mabaya yake. Kumbe na hawa walikuwa wakifunga mwaka.

Mzee wa Navan:
Taratibu, binti yangu. Wazo kwamba Samhain ulikuwa mwaka mpya wa Wakelti lilienezwa na John Rhys, msomi wa Wales, katika karne ya 19, na ushahidi wake ni mwembamba kuliko vitabu vya watalii vinavyodai.

Mama wa Galway:
Mimi nisiyejua mambo ya madruidi naona kwamba kilichobaki hai zaidi ni kuwakumbuka marehemu. Zamani watu wa vijijini waliacha mlango bila kufungwa na kiti karibu na moto kwa ajili ya wafu wa nyumba hiyo, na hadi leo parokiani kwetu tunapewa bahasha za Novemba ili tuandike majina ya marehemu wetu, nazo hukaa altareni mwezi mzima. Nami huandika majina ya watu wangu wa Kibosho, ambao makaburi yao sijayapalilia kwa miaka mingi, na padri wa Kiayalandi huwaombea bila kuuliza walikuwa na kibali gani cha kuingia nchini.

Kaka wa Limerick:
Afadhali huyo padri. Tangu ghasia za Dublin za Novemba 2023 dhidi ya wahamiaji, mimi nikiona kundi la vijana karibu na moto hubadilisha njia.

Dada wa Tallaght:
Nawashukuru nyote kwa elimu hii, lakini barua inanipa muda wa kujibu hadi Jumatatu, na bado sijajua nani ajibu.

Mzee wa Navan:
Jumatatu hiyo ofisi zitafungwa, kwa kuwa ni ile ya mwisho ya Oktoba. Tangu sikukuu ya Mtakatifu Brigid iongezwe mwaka 2023, kila sikukuu ya kale iliyofungua robo ya mwaka ina siku yake ya mapumziko, kwa kawaida Jumatatu: Februari kwa Imbolc, Mei kwa Bealtaine, Agosti kwa Lughnasa, na hii kwa Samhain. Serikali haikuzitangaza kwa majina hayo, lakini mkulima wa kale angezitambua.

Binti Makunduchi, Cork:
Tukiwa bado hapo, samahani: ile keki ya barmbrack, ambayo watu hutafuta pete ndani yake ili kujua nani ataolewa, je, ina pombe?

Mama wa Galway:
Iliyolowekwa kwa chai haina neno, mwanangu. Soma maandishi ya kifungashio, kwa sababu zipo ambazo zabibu zake hulazwa kwenye wiski usiku kucha, na pete haitakwambia.