Mrejesho: mapambo ya Krismasi na watoto wa miaka 2 hadi 3, bila oveni

Niliuliza mapambo gani watoto wadogo wanaweza kutengeneza hapa Kampala, jikoni kukiwa na sigiri tu. Mlinishauri donge la chumvi na maganda makavu ya mgomba. Asanteni, yote mawili yamekubali.

Donge: unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji kikombe kisichojaa, yatiwe kidogo kidogo. Likinata viganjani, ongeza unga, si chumvi. Chumvi ya mawe isagwe kwanza, la sivyo uso unabaki na vishimo. Sukuma unene wa nusu sentimita, kata kwa mdomo wa kikombe, mtoto abonyeze vidole, kisha toboa tundu la uzi kwa mrija likiwa bado bichi. Anika kivulini penye upepo siku 2 au 3, ukigeuza asubuhi na jioni. Kwenye jua kali upande wa juu husinyaa kabla ya wa chini, ndipo pambo linapinda na kupasuka. Mvua ikija liingize ndani, maana chumvi hufyonza unyevu na pambo hulainika tena.

Mtu mzima asibanduke hapo: chumvi hiyo ni hatari mtoto akiila.

Maganda ya mgomba ni rahisi zaidi. Yanyunyizie maji yasikatike, chana upana wa kidole, mtoto azungushie nyota ya kadibodi. Wewe funga ncha. Shanga na maharage niliacha kabisa. Umri huu huishia puani.