Nipo UDOM nasoma sheria, nataka kesi za haki za raia. Lazima nihamie Dar?

Mtoto wa Nkuhungu:
Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa tatu wa digrii ya sheria (LLB) hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, na tangu fom six akili yangu ipo kwenye kesi za haki za raia, yaani mtu kawekwa ndani bila sababu, mkutano umezuiliwa, sheria inagongana na katiba, mambo hayo. Mzee nyumbani hataki kusikia, anasema hiyo kazi haina hela na itaniletea balaa, yeye anataka niwe wakili wa serikali maana kila akipita mji wa serikali Mtumba anaona magari ya serikali, zile STK, yamepangana. Wenzangu darasani nao wanasema bila Dar hutoboi. Walioko kwenye fani naombeni mwanga, baada ya digrii nini kinafuata, na Law School inatisha kweli kama wanavyosema?

Joho Jeusi:
Dogo, ukimaliza digrii bado huruhusiwi kusimama mahakamani kumtetea mtu. Unaenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo pale Dar, ndo hiyo Law School, ilianzishwa kwa sheria ya 2007, ukifaulu ndo unaomba kuapishwa na Jaji Mkuu unaingizwa kwenye orodha ya mawakili. Kuhusu kutisha, matokeo ya 2022 kila mtu aliyasikia, kati ya watu 633 waliofaulu moja kwa moja ni 26 tu, wengine sapu (kurudia mitihani) wengine disko (kuondolewa chuo), hadi waziri akaunda kamati chini ya waziri wa zamani Mwakyembe. Mimi kilichonitesa si katiba, ni mwenendo wa madai, yaani taratibu za kuendesha kesi, na kuandika nyaraka. Chuoni tunapenda kubishana nadharia halafu mtu anapewa hati ya madai aandike anaanza kutoa jasho. Hizo kesi zako unazozipenda nyingi zinafia hapohapo, kwenye utaratibu, hata hazifiki kusikilizwa.

Zabibu Chachu:
Eti bila Dar hutoboi 😂 wenzako hawajasoma kesi ya Mchungaji Mtikila, yule mwanasiasa wa upinzani? Ile ni Mahakama Kuu HAPA DODOMA, kesi ya madai namba 5 ya 1993, Jaji Lugakingira akatoa hukumu 1994. Kabla ya hapo chama kikitaka mkutano wa hadhara lazima kiombe kibali, jaji akasema hiyo inakwenda kinyume na katiba, ndo maana mpaka leo sheria inataka utoe taarifa tu (polisi wanavyoichukulia hiyo taarifa ni stori nyingine). Akaruhusu na mgombea binafsi, yaani asiye na chama, bunge likakimbilia kubadili katiba kuzuia hilo. Mtikila hakukata tamaa, Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la bunge, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha akashinda 2013, kafariki 2015 na mgombea binafsi mpaka sasa hatuna. Piga hesabu miaka hapo uone ni kazi ya roho ya namna gani.

Bahi Road:
Mzee wako ana hoja msimtukane. Kesi ya katiba hailipi kodi ya fremu. Mawakili wengi ninaowajua wanaofanya hizo mambo wanakula kwa mirathi, viwanja na kugonga muhuri viapo, na huku viwanja ndo usiseme, tangu serikali ihamie kila shamba lina wenyewe watatu. Halafu ile mahakama ya Arusha siku hizi raia hawezi kwenda moja kwa moja, Tanzania ilijitoa 2019 kwenye tamko lililokuwa linaruhusu hivyo.

Mtoto wa Nkuhungu:
Asanteni sana, ya Mtikila darasani tulisoma ila kwamba ilikuwa Dodoma sikuwahi kuwaza. Je kesi ya ndoa za utotoni ilipitaje mpaka ikashinda?

Joho Jeusi:
Rebeca Gyumi, naye ni wa hukohuko Dodoma na kasoma sheria, ila pale alikuwa mlalamikaji, wakili alikuwa Jebra Kambole. Walipinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18, wakashinda Mahakama Kuu 2016, serikali ikakata rufaa ikagonga mwamba 2019. Sasa angalia hapa dogo, 2020 sheria ya utekelezaji wa haki za msingi ikabadilishwa, mlalamikaji akatakiwa aape kwamba jambo limemgusa yeye binafsi. Kwa kesi hizi unahitaji mteja aliyeumia kweli na asiyeogopa, na huyo humpati maktaba. Unampata kituo cha polisi, ndugu zake wamekaa nje hawajui kwamba dhamana ni bure na kwamba polisi wanatakiwa kumfikisha mtu mahakamani ndani ya masaa 24. Likizo hii nenda ujitolee kwenye kituo cha msaada wa kisheria, tangu sheria ya 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa, ubebe mafaili, uwasikilize watu wa Chamwino na Kondoa wakieleza shida zao bila kuwakatiza.

Zabibu Chachu:
Na ujifunze Kigogo kidogo, lugha ya Wagogo wa huku, wabibi wanafunguka zaidi.

Mtoto wa Nkuhungu:
Kigogo kipo mkuu, mimi mwenyeji 😂. Jumatatu naanza kuulizia nafasi. Mzee nimemsomea hiyo ya Mtikila yote, kanyamaza kimya nikajua ameelewa, halafu akauliza "na wakili wake alilipwa shilingi ngapi?"