Kitabu cha mwongozo katika jiji kubwa: tukitupe, au bado kina kazi?

Ndugu zangu, naleta mjadala huu kwa sababu naona hukumu inatolewa kabla kesi haijasikilizwa. Mtu anajiandaa kwenda jiji kubwa asilolijua, anauliza anunue kitabu gani cha mwongozo, anajibiwa palepale: "Kitabu cha nini? Simu si unayo?" Wengine huongeza kwamba raha ya jiji ni kuzurura bila mpango, na kwamba kitabu kitampeleka tu kwenye foleni ya wenzake wenye kitabu hichohicho.

Mimi nashikilia kwamba kina kazi, tena kubwa, ila si ile tunayokidai. Kwa nauli, saa za kufungua na njia za basi, tumia simu. Tangu mwandishi apite mahali hadi kitabu kifike dukani, miezi mingi inakuwa imekwenda na mambo yamebadilika. Hapo sibishani na mtu.

Lakini simu hujibu ulichouliza, na mgeni wa jiji hajui hata cha kuuliza.

Chukueni Paris. Jiji lile lina wilaya 20, zinaanzia katikati na kuzunguka kwenda nje kama gamba la konokono. Msimbo wa posta ukiwa 75011, tarakimu mbili za mwisho zinakwambia uko wilaya ya 11. Namba za nyumba nazo zina utaratibu: barabara inayotoka kwenye mto Seine huanza kuhesabiwa upande wa mto, na inayokwenda sambamba nao hufuata mkondo wa maji. Haya niliyasoma katika aya moja tu ya kitabu kabla sijasafiri, na wakati ule niliyaona mambo madogo.

Jioni moja simu ikazima chaji. Nikainua macho kwenye kibao cha buluu ukutani, nikasoma jina la barabara, nikakumbuka kwamba kwenye ramani ya kitabu barabara ile inashukia mtoni. Juu ya mlango uliokuwa karibu nami pameandikwa 58. Nikasogea: 56. Nikasogea tena: 54. Zinapungua, basi mto uko mbele yangu. Nikazifuata namba zile mlango kwa mlango mpaka nikaona taa za daraja zikicheza juu ya maji, na kutoka pale nilijua njia ya kurudi nilikofikia.

Mambo ya namna hii hayachakai upesi. Anayekwenda Tokyo akitegemea majina ya barabara atahangaika, kwa sababu barabara nyingi kule hazina majina. Anwani inataja eneo, kisha kitalu, kisha jengo. Sehemu kubwa ya Manhattan, kisiwa kilicho kitovu cha jiji la New York, bado inafuata mpango wa mitaa wa mwaka 1811. Kwa hiyo hata toleo la miaka kumi iliyopita, la kuazima maktaba, linatosha kukupa umbo la jiji.

Kisha kuna maarifa unayoyapata tu kwa aliyetangulia kupita. Mwaka 1936 Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta Mmarekani Mweusi huko New York, alianza kuchapisha kitabu kilichokuja kujulikana kama Green Book. Enzi zile za ubaguzi wa rangi, kiliwaonyesha wasafiri Weusi hoteli, migahawa na vituo vya petroli ambako wangepokewa, na toleo la kwanza lilihusu New York na maeneo ya jirani. Msomaji wake alitaka kujua ni mlango gani hautafungwa usoni mwake. Kila ninapoambiwa kwamba vitabu hivi ni vya watalii wavivu, namkumbuka msomaji huyo.

Hoja ya foleni naiheshimu zaidi. Tangu Karl Baedeker, Mjerumani mchapishaji wa vitabu vya mwongozo, alipotia alama za nyota kwenye mambo ya kutazamwa zaidi, karne ya 19, wasafiri wamekuwa wakizikimbilia nyota. Ila simu haijatuponya, maana nayo ina nyota zake, na hizo zinatolewa na umati usioujua. Kitabu kina mwandishi. Ukishagundua kwamba anapenda makumbusho na anapita masokoni mbiombio, unajua pa kumsikiliza na pa kumwacha.

Na nyie mnaosema "potea tu", nami hupotea, na napenda. Kitabu nakiacha chumbani, kinaniumiza bega bure. Nakisoma usiku, nalala, kesho naenda miguu itakapo. Naweza kufanya hivyo kwa sababu najua mto uko upande gani.

Sasa mnaopinga, nawaomba mnijibu hili kwa dhati. Siku yenu ya tatu katika jiji kubwa, mkiwa na simu peke yake, mngepewa karatasi na kalamu, mngeweza kuchora kituo kikuu cha treni kilipo, mto au bahari iko wapi, na mlikolala ni upande gani? Mimi nilijaribu mara moja nilikokwenda bila kitabu. Nilichora kituo, nikachora mstari mmoja, kalamu ikasimama. Aliyeweza aeleze alifanyaje.