Mjadala: Baada ya uchaguzi uliogawa watu, shule izungumze na watoto wahamiaji au inyamaze?

Mwalimu wa unasihi, Handeni

Naweka hoja mezani. Wilayani kwetu kuna Chogo, makazi yaliyoanza 2003 kwa Wazigua waliokimbia vita Somalia, vitukuu vya waliouzwa huko karne ya 19. Ndugu zao wengine walichukuliwa Marekani kama wakimbizi miaka hiyohiyo ya kuanzia 2003, na leo wapo Columbus, Ohio, na miji mingine. Tangu uchaguzi wa Marekani wa 5 Novemba 2024 alioshinda Donald Trump, na zaidi baada ya amri ya Januari 2025 iliyosimamisha kupokea wakimbizi, swali linalozunguka kati ya huku na kule ni hili: mtoto wa kule anayeogopa kwamba akirudi nyumbani hatamkuta mama, amekamatwa na maofisa wa uhamiaji, shule yake imfanyie nini? Msimamo wangu ni kwamba shule iseme mapema, na iseme yale machache inayoweza kuyatekeleza. Ikinyamaza, mtoto atajibiwa na sauti za WhatsApp.

Mwalimu mstaafu, Korogwe

Mwalimu, hapo sikubaliani nawe. Darasani wamo watoto wa waliompigia mshindi na wa waliompinga. Mwalimu akiingia asubuhi na sura ya msiba, tayari ameshapiga kampeni. Tena anamtia hofu hata yule aliyekuja hana habari. Mtoto mwenye wasiwasi anatulizwa na ratiba: kengele ileile, kiti kilekile, hesabu saa ileile. Wazazi wa watoto hawa waliingia kwa hadhi ya ukimbizi, kihalali kabisa, na mzazi akipata uraia, mtoto aliye chini ya miaka 18 anayeishi naye kwa ukaazi wa kudumu anaupata papo hapo. Sheria hiyo ipo tangu 2001. Sasa kwa nini tuwaweke wote kapu moja na wasio na hati za kuishi Marekani?

Muuguzi wa afya ya akili, Tanga mjini

Shikamoo mzee. Kwenye ratiba uko sahihi, na ndipo kazi inapoanzia. Lakini mwili wa mtoto hausomi hati ya uraia. Septemba 2024 uvumi kuhusu Wahaiti wa Springfield, mji ulio jirani na Columbus, ulizaa vitisho vya mabomu na watoto wakaondolewa shuleni. Vitisho vilikuwa vya uongo, ila watoto walitolewa madarasani kweli. Mtoto wa Kizigua aliye raia aliyaona hayo sawasawa na mwenzake.

Dalili hazifichiki ukijua pa kuangalia: tumbo au kichwa kuuma asubuhi za shule tu, kusinzia kipindi cha kwanza, kuomba kila mara kumpigia mama simu, utoro unaoangukia siku baada ya habari kubwa. Awe mtu mzima mmoja anayejulikana, si kila mwalimu kuuliza kivyake. Dakika kumi zinatosha, mahali pa faragha lakini si pa adhabu. Maana ukimwita mtoto ofisi ya nidhamu kumfariji, darasa zima litajua amekosa. Muulize amesikia nini, anaogopa nini hasa, nyumbani nani anajua. Usiulize hati kamwe.

Na kosa linalofanywa na wema wote ni kumwambia, "Usijali, hakuna kitakachotokea." Huna mamlaka ya kuahidi hilo. Likitokea, au likimtokea jirani tu, neno lako lingine lolote halina thamani tena. Sema: "Leo uko hapa, mimi niko hapa, na hii ndiyo orodha ya watakaokuchukua kama mama akichelewa." Simu ya mama iwe moja, saa ya chakula, kisha ipungue polepole. Ukimruhusu kila anapotaka, atatulia dakika tano na wasiwasi utarudi mkubwa zaidi. Asiyelala, asiyekula, au anayezungumzia kujidhuru, huyo anapelekwa kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

Wakili, Pangani

Naongeza upande wa karatasi, maana faraja isiyo na karatasi nyuma yake haimfikishi mtoto mbali.

Haki ya kusoma imesimama. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto elimu ya bure ya umma kwa kukosa hati. Kesi ilitoka Tyler, Texas, ambako wilaya ya elimu iliwatoza watoto hao dola 1,000 kwa mwaka. Hilo shule inaweza kulitamka bila kumtaja mgombea yeyote.

Kilichobadilika ni mlangoni. Tangu 2011 kulikuwa na mwongozo uliowazuia maofisa wa uhamiaji kufanya operesheni shuleni isipokuwa kwa sababu maalumu. Ukafutwa Januari 2025. Shule inayosambaza barua yake ya zamani ya "hapa hawaingii" inawadanganya wazazi bila kukusudia. Barua ya sasa iseme hivi: ofisa akifika, karani wa mapokezi hajibu maswali wala hafungui mlango wa ndani, anamwita mkuu wa shule, naye anampigia mwanasheria wa wilaya ya elimu. Hati ya upekuzi au ya kukamata anayoonyesha ofisa isomwe saini. Iliyosainiwa na ofisa wa uhamiaji si ya jaji, na peke yake haimpi ruhusa ya kuingia sehemu zisizo wazi kwa umma. Karani ndiye wa kufundishwa kwanza. Semina nyingi zinaishia kwa walimu, na mwalimu si wa kwanza kukutana na mgeni.

Halafu kuna tundu ambalo wengi hawalioni. Sheria ya 1974 ya kumbukumbu za wanafunzi inazuia shule kutoa taarifa bila idhini ya mzazi au amri ya mahakama, ila inaruhusu kutoa zile inazoziita taarifa za orodha: jina, anwani, simu, hata tarehe na mahali pa kuzaliwa. Mzazi asipokataa kwa maandishi ndani ya muda uliotangazwa, shule inaweza kuzitoa. Fomu ya kukataa iwekwe juu kabisa ya bahasha ya usajili, siyo ukurasa wa mwisho.

Mkalimani wa Kizigua, Handeni

Wakili, bahasha hiyo itasomwa na nani? Shule inaona "Somalia" kwenye faili, inaleta mkalimani wa Kisomali. Mama wa Kizigua anaitikia kwa adabu, anasaini, anaondoka hajaelewa kitu. Wengine lugha yao ni Kimaay, nayo inamtatiza hata Msomali wa Mogadishu. Ulizeni lugha ya nyumbani kwa jina. Na mtoto asigeuzwe mkalimani wa mambo haya. Mnamfanya amtamkie mama yake hofu ileile mnayotaka kumwondolea.

Kwetu Handeni nako tuna la kufanya. Saa sita mchana hapa ni saa kumi alfajiri Ohio wakati wa baridi. Sauti ya "tumesikia wanakamata" inamwamsha mtoto, anaisikiliza gizani peke yake. Hakikisheni kwanza, kisha tumeni kwa mzazi, saa tano usiku yetu, kule ikiwa alasiri.

Mwalimu mstaafu, Korogwe

Ya karani na bahasha nayapokea, hayamgusi mgombea. Hotuba darasani bado naipinga. Na mtoto wa mshindi anayeshangilia je?

Mwalimu wa unasihi, Handeni

Kushangilia ni haki yake, mzee. Kumwelekezea mwenzake si haki. Siku moja baada ya uchaguzi wa 2016 wanafunzi wa shule moja huko Royal Oak, Michigan, walirekodiwa kwenye ukumbi wa chakula wakiimba "jenga ukuta", kaulimbiu ya Trump ya kuzuia wahamiaji mpakani na Mexico. Kanuni ya uonevu itumike kama kwa tusi lolote: sitisha hapohapo, watenganishe, andika nani alisema nini, waite wazazi wa pande zote mbili siku hiyo. Hotuba ya darasa zima naiacha. Nabaki na tangazo fupi la mkuu wa shule, maneno yaleyale kila darasa, ili mwalimu asiongeze lake.