Sherehe ya urithi wa mgodi wa Kilembe bila mgodi na bila wachimbaji: tunataka majibu

Wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Sherehe za urithi zilizofanyika hapa Kilembe, magharibi mwa Uganda, katika likizo ya Agosti zilitangazwa kwa mabango, kuanzia Bulembia hadi katikati ya mji wa Kasese, kwamba ni za kuienzi historia ya mgodi wetu wa shaba. Lakini mtu aliyehudhuria tangu ufunguzi hadi muziki wa mwisho alirudi nyumbani bila kusikia habari yoyote ya shaba, bila kuoneshwa mlango wa handaki hata kwa mbali, na bila kumsikia mchimbaji hata mmoja akizungumza. Tulichopewa ni mahema ya wageni waalikwa, vipaza sauti, hotuba, vibanda vya bia na vya laini za simu, pamoja na mashindano ya urembo ambayo hadi leo sijaelewa yanahusiana vipi na miamba ya milima ya Rwenzori.

Nianze na wazee. Kabla ya sherehe, wajumbe wa kamati walipita nyumba kwa nyumba wakiwaomba waliowahi kufanya kazi mgodini walete chochote walichokihifadhi, iwe picha, kofia za kazi, taa za handakini au vitambulisho vya zamani, na wajiandae kusimulia mbele ya watu. Wazee walifurahi kupita kiasi, maana hakuna aliyewahi kuwauliza lolote kwa miaka mingi. Jirani yangu mmoja, mzee aliyefanya kazi kwenye kinu cha kusagia mawe na ambaye masikio yake yaliharibikia humo humo, alipigiwa pasi koti na wajukuu zake, akaifunga taa yake ndani ya gazeti, akafika uwanjani mapema kuliko waandaaji wenyewe. Yeye na wenzake wakaambiwa kwamba viti vyenye vitambaa vyeupe vina wenyewe, wakapelekwa nyuma ya mahema, mahali pasipo na kivuli. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akaanikwa juani.

Ratiba iliyobandikwa getini ilisema kwamba wazee wangezungumza baada ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi alifika saa nane mchana, akasalimiwa na kila mwenye cheo, na kila mwenye cheo akawa na hotuba yake mwenyewe ya kutoa, hata ilipofika zamu ya wazee mshereheshaji akatangaza kwamba muda umetutupa mkono na akaita vikundi vya kucheza. Vitu walivyovileta vilikaa mezani kwa kitambo kifupi, kisha meza ikahitajika kwa ajili ya kreti za soda, navyo vikateremshwa chini kwenye nyasi. Isitoshe, shughuli nzima iliendeshwa kwa Kiingereza, mbele ya watu waliotoka pande nyingi za Uganda na hata nje ya mipaka yake, ambao kazini walikuwa wakielewana kwa Kiswahili. Katiba yetu imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, kwa hiyo hakuna ambaye angevunja sheria kwa kuwasalimu wazee kwa lugha wanayoisikia.

Nadhani tatizo la kwanza ni kwamba walioandaa hawakujua wanasherehekea nini, na kwa kuwa uwanjani hakuna aliyelisema, nitalisema hapa. Uzalishaji wa shaba Kilembe ulianza mwaka 1956, na mwaka huo huo reli kutoka Kampala ilifikishwa Kasese, kwa sababu bila reli shaba isingekuwa na njia ya kutoka chini ya milima hii. Mawe yalisagwa hapa hapa bondeni, madini yakatengwa na mawe yasiyo na faida, kisha unga wake ukapakiwa kwenye mabehewa hadi Jinja, ambako tanuri la kuyeyushia lilitumia umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, na kutoka Jinja shaba ikaendelea na safari hadi bandari ya Mombasa. Katika miaka ya sitini shaba ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa ambazo Uganda iliuza nje, ikitajwa pamoja na kahawa na pamba. Mtoto wa Kilembe anayesoma habari za bwawa na za reli katika somo la jamii hajui kwamba anasoma habari za babu yake, na hilo ni jambo ambalo mzee mmoja mwenye kipaza sauti angeweza kulirekebisha kwa muda mfupi kuliko hotuba fupi kuliko zote tulizozisikia siku ile.

Vilevile hakuna aliyeeleza jinsi mambo yalivyoharibika. Mgodi ulitwaliwa na serikali ya Idi Amin katika miaka ya sabini, wataalamu wakaondoka, vipuri vikawa havipatikani, bei ya shaba duniani ikashuka, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya themanini uzalishaji ukawa umekoma. Maelfu ya watu walibaki katika nyumba za kampuni bila kampuni. Na bado kuna sura ambayo mimi naiona ya ajabu kuliko zote, ile ya kobalti. Mabaki yenye kobalti yaliyokuwa yamelundikwa Kasese tangu enzi za shaba yalianza kusafishwa mwaka 1999 kwa kutumia bakteria, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho vilivyofanya kazi ya kuyavunjavunja mawe ili madini yatoke. Hebu fikiria darasa la watoto wa likizo likisimuliwa habari hiyo na mtu aliyekuwepo! Badala yake watoto walipewa puto.

Laiti yangekuwa maputo tu. Sasa naingia kwenye jambo lililonifanya niandike, na naomba wazazi wasome polepole. Kulikuwa na shughuli za watoto za likizo ya muhula wa pili, na kila mzazi alilipa shilingi elfu kumi kwa kila mtoto. Tangazo liliahidi matembezi katika mji wa zamani wa mgodi, hadithi, kuchora na kujifunza kupiga endara, ile marimba kubwa ya magogo ya Wakonzo. Watoto hawakutembezwa popote mjini. Walipelekwa kwenye uwanda ulio kando ya mto Nyamwamba, wakavuta kamba, wakacheza mpira, kisha wakapangiwa mchezo ulioitwa wa kutafuta madini, ambapo walichimba kwa mikono mitupu katika mchanga wa kijivu wakitafuta vifuniko vya chupa vilivyofukiwa humo na kupewa peremende kwa kila kifuniko.

Mchanga ule wa kijivu ni mabaki ya kinu. Ni mawe yaliyosagwa yakawa laini, yakatolewa sehemu kubwa ya shaba, kisha yakatupwa bondeni kwa zaidi ya miaka ishirini. Watafiti wamepima udongo, maji na hata mazao ya bonde hili na kukuta metali nzito, zikiwemo shaba na kobalti, na jambo hili si siri kwa mtu yeyote anayejiita mjuzi wa historia ya Kilembe. Mto unazila kingo za malundo hayo kila mvua inaponyesha na kuyapeleka mabaki kuelekea hifadhi ya Queen Elizabeth na ziwa George, ambalo tangu mwaka 1988 limo katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu zinazolindwa chini ya mkataba wa Ramsar. Tunawahangaikia ndege na viboko wa ziwa George, na ni sawa tuwahangaikie, halafu tunawapa watoto wetu mabaki yale yale wayachimbe kwa kucha na kula peremende kwa vidole hivyo hivyo.

Na huo mto wenyewe? Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2014, na Mei 2020 ukaingia hadi hospitali ya Kilembe, wagonjwa wakahamishwa, nyumba zikaenda na maji, familia zikaishia katika kambi ya Muhokya na kukaa huko miaka. Kila mkazi wa hapa anajua kwamba anga ya Kasese inaweza kuwa nyeupe pe huku mvua ikimwagika juu mlimani, na kwamba maji yakishuka hayapigi hodi. Nilimuuliza kijana aliyekuwa akiwasimamia watoto kama kuna mtu aliyewekwa upande wa juu kuangalia mto, akaniambia hakuelekezwa hivyo. Nikamuuliza muuguzi yuko wapi, akasema yuko kwenye hema la wageni. Kijana yule simlaumu, alikuwa amepewa fulana na filimbi, hakupewa kingine. Nawalaumu waliokaa kikaoni wakachagua mahali pale kwa sababu, kama nilivyoambiwa baadaye na mmoja wao, hapakuwa na kodi ya kulipa.

Kuhusu fedha nitasema machache. Uwanja ulizungushiwa mabati na kiingilio kikatozwa, ilhali ni uwanja ambao watu hucheza mpira mwaka mzima bila kulipa. Akina mama wanaouza bundu (ugali wa muhogo), sombe na samaki walishindwa bei ya vibanda, wakakaa nje ya uzio, na mgambo wakawasogeza hata kutoka hapo. Hesabu haijasomwa popote. Wapiga endara walipewa dakika chache katikati ya hotuba mbili, wageni wakarekodi kwa simu, kisha wakashushwa jukwaani kabla hata mikono haijapata moto.

Najua majibu yatakayokuja. Nitaambiwa kwamba watu wa Kilembe tunapenda kulalamika, kwamba angalau vijana walipata ajira ya siku chache, kwamba bila muziki na urembo hakuna mfadhili anayetoa hata shilingi. Sipingi muziki. Lakini tusidanganyane kwamba historia ya mgodi haiwezi kuwavuta watu. Mji wa Røros, nchini Norway, ulichimba shaba kuanzia mwaka 1644 hadi 1977, na ilipofika mwaka 1980 ulikuwa tayari umeingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, nyumba za wachimbaji zikiwamo. Sewell, mji wa wachimbaji wa shaba uliojengwa kwenye miteremko ya milima ya Andes huko Chile, ambao wakazi wake walihamishwa na ukabaki mtupu, uliingia katika orodha hiyo hiyo mwaka 2006. Nayataja majina haya kwa sababu sisi tuna bonde, tuna nyumba, tuna kinu, na tuna kitu ambacho Røros hawana tena kwa wingi, yaani watu walioshuka handakini kwa miguu yao na bado wanaishi. Juu yetu tu kuna hifadhi ya milima ya Rwenzori, ambayo imo katika orodha hiyo tangu mwaka 1994. Wapandaji wanaoelekea kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, hupita katikati ya Kilembe, na msimu wao mzuri ni huo huo wa kiangazi ambao sisi tunafanya sherehe. Wanapita na mikoba yao mgongoni, wanaziangalia nyumba za mgodi, nasi tunawaacha waende zao kwa sababu mwongozaji pekee ambaye angeweza kuwaeleza amekalishwa juani nyuma ya hema.

Mabati na vyuma vya majengo ya mgodi vinazidi kutoweka, na wazee nao wanazidi kuzikwa. Bunge lilipitisha sheria mpya ya makumbusho na mambo ya kale mwaka 2023, lakini sheria haiwezi kulinda jengo ambalo wenyeji wenyewe hawakuliorodhesha. Fedha iliyokodi jukwaa lile, taa zake na jenereta zake ingetosha kukodi chumba kimoja katika jengo la zamani na kununua kinasa sauti, vijana wa sekondari wakatumia likizo nzima kuwarekodi wazee kwa Kiswahili, kwa Lukonzo na kwa lugha yoyote waitakayo, kisha wakawapitisha wadogo zao mtaa kwa mtaa wakiwaambia nani aliishi wapi na alifanya kazi gani, wakiwa mbali na mto na mbali na mchanga wa kijivu.

Najua baadhi ya wanakamati mnasoma humu, maana mlikuwa wepesi kutuma mabango. Basi jibuni hapa hapa, mbele ya watu. Ni nani aliyeidhinisha watoto wapelekwe kwenye mabaki ya kinu, na je, kuna mzazi yeyote aliyeambiwa kabla ya kulipa? Viingilio, ada za vibanda na zile elfu kumi za watoto vimeingia kiasi gani na vimetumika kwa lipi? Mzee jirani yangu anauliza taa yake iko wapi, kwa sababu alipoifuata kwenye nyasi hakuikuta, na kila aliyemuuliza alimwelekeza kwa mwingine. Tena kabla hamjaanza kuchapisha mabango ya mwaka ujao, iteni mkutano wa wakazi, ufanyike kwa lugha ambayo wazee wanaielewa, na wao ndio wakalie viti vya mbele. Mkishindwa hayo, tafadhali ondoeni neno mgodi kwenye mabango yenu na muite tamasha lenu jina lingine lolote.