Tupeane uzoefu: nani ameshafika vimji vya kale vya kando ya mto Ufaransa?

Kijana wa Pangani

Wakuu, salaam. Kila nikifungua picha za watu wetu waliofika Ufaransa nakuta mnara uleule wa Eiffel na mkono uleule unaojifanya umeushika ncha. Sikatai, hata mimi ninayo. Lakini iko Ufaransa nyingine ya mashambani, ya vimji vya mawe vilivyokaa kando ya mito tangu zama za kati, na kule sijasikia Kiswahili hata siku moja. Tupeane uzoefu: ulikwenda wapi, ulifikaje, ulikwama wapi.

Naanza mimi. Nasoma Bordeaux. Mwezi Mei mwaka jana nilidunduliza hela ya kulala siku mbili, nikapanda treni hadi Sarlat, ambako reli ndiyo inaishia. Kutoka hapo hadi La Roque-Gageac, kijiji nilichokuwa nakitaka, ni kilomita kumi na mbili hivi. Nikajua nitakuta usafiri. Wakuu, hakuna daladala, hakuna bodaboda. Basi nililoliona kwenye ratiba lilikuwa la wanafunzi na shule zilikuwa zimefungwa. Nikakanyaga. Kilomita nne za mwisho nilipewa lifti na mzee mmoja mwenye kigari kilichojaa mifuko ya mbolea, na njia nzima hakuniuliza natoka wapi, aliniuliza tu kama kwetu mvua imenyesha.

Kijiji chenyewe ni mstari mmoja wa nyumba. Mbele mto Dordogne, nyuma jabali, na jabali lenyewe limeinamia mapaa kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Si mchezo lile jabali. Mwaka 1957 kipande chake kilimeguka kikaua watu watatu na kubomoa nyumba. Watu wanaendelea kulala chini yake. Hawafiki hata mia tano, na wakati wa kiangazi wageni wanawazidi mara nyingi mno.

Sasa kilichonimaliza. Jabali linatazama kusini, linahifadhi joto la jua mchana kutwa, kwa hiyo kwenye njia ya kupanda kanisani wameotesha mitende na migomba. Migomba! Mimi mtoto wa Tanga nimevuka bahari kuja kuona ya Wazungu, nimesimama napiga picha mgomba. Mkungu sikuuona hata mmoja. Nikamtumia mama ile picha, akanijibu: "Umerudi lini na mbona hujafika nyumbani?"

Jioni nikapanda gabare, mashua ya mbao yenye kitako bapa inayotembeza wageni karibu saa moja. Zamani ndizo zilizokuwa malori ya bonde lile. Zilishuka na mbao za mapipa na miti ya kuegemezea mizabibu hadi Bergerac na Libourne, kwenye nchi ya mvinyo. Nyingi za zile zilizotoka huko juu kabisa hazikurudi: zikifika zinavunjwa, mbao zinauzwa, mabaharia wanarudi kwa miguu. Reli ilipokuja biashara ikafa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nyumba zote zinautazama mto. Ndiyo ilikuwa barabara yao.

Mla Urojo

Mkuu umeandika yote hayo hujasema ulikula nini. Wengine humu swali la kwanza ni hilo.

Kijana wa Pangani

Bata, mkuu. Bata juu ya bata. Nyama ya bata imepikwa polepole ndani ya mafuta yake, viazi vimekaangwa kwa mafuta ya bata na kitunguu saumu, na ini la bata ukitaka kufilisika. Hata katikati ya Sarlat kuna sanamu ya bata bukini watatu, ujue wanamheshimu. Kama unakula halali tu, uliza mapema, maana omleti nayo inaweza kuwa imepitia mafuta hayohayo. Mimi niliponea kwenye mkate, jibini ndogo za mbuzi zinazoitwa Rocamadour, na keki ya jozi. Jozi za kule usiziulize, nilirudi na kilo mbili.

Bi Mkubwa wa Mvita

Wanangu hamjambo. Mimi ni mama wa Mombasa, mume wangu amestaafu, mtoto wetu wa kike ameolewa Lyon. Alitupeleka Beynac kwa gari, mto huohuo wa huyo kijana, mwendo mfupi tu kwenda chini.

Nitasema la adabu kwanza kwa sababu lilinitia aibu. Niliingia duka la mikate, nikanyoosha kidole: ule mmoja, tafadhali. Yule mama wa duka akanitazama tu. Nikadhani ni mambo ya ngozi, moyo ukanipanda. Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, hujasema bonjour." Kumbe kwao kuingia dukani bila bonjour ni sawa na kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Kesho yake nikaingia na bonjour yangu kubwa, yule mama akanifungia na kipande cha keki ambacho sikukilipia.

Beynac ngome iko juu ya jabali, yapata mita mia na hamsini kutoka mtoni. Njia ni mawe na ngazi mtindo mmoja. Wenye magoti kama yangu, pandeni na gari mpaka juu halafu mshuke kwa miguu, si kinyume. Ng'ambo ya mto inaonekana ngome nyingine, Castelnaud. Katika ile Vita vya Miaka Mia, 1337 hadi 1453, hii ikishika upande wa mfalme wa Ufaransa na ile mara nyingi ikawa mikononi mwa Waingereza, wanatazamana hivyo kila asubuhi kama wake wenza. Siku hizi Castelnaud ni makumbusho ya silaha za zamani, na uani wamesimamisha mitambo mikubwa ya kurushia mawe. Mume wangu hakutaka kutoka.

Mimi moyo wangu ulibaki Milandes, jumba la 1489 jirani na hapo. Ndilo la Josephine Baker, yule mwanamke mweusi wa Marekani aliyekuja kucheza dansi Paris, akafanya ujasusi dhidi ya Wajerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alilinunua mwaka 1947, akalea humo watoto kumi na wawili aliowachukua kutoka nchi mbalimbali. Madeni yakamshinda, na mwaka 1969 akatolewa. Ipo picha yake ameketi kwenye ngazi za mlango wa jikoni, amejifunga kichwa, hana pa kwenda. Ile sketi ya ndizi aliyokuwa akichezea dansi kila mtu anaisimamia kupiga picha. Mimi nilisimama kwenye ile ngazi. Mwaka 2021 ndipo Wafaransa wakamwingiza Panthéon, lile jengo la Paris walikowekwa wakubwa wao.

Seremala wa Bukavu

Shikamoo mama. Hadithi ya bonjour imenikumbusha siku zangu za kwanza.

Mimi niko Toulouse miaka kumi na moja. Kwa wasio na gari nasema hivi: nendeni Cahors. Treni inakushusha mjini kabisa, na mji umezungukwa na mto Lot karibu pande zote. Daraja lao la Valentré walianza kulijenga mwaka 1308 wakamaliza 1378. Miaka sabini! Lina minara mitatu mirefu na unapita chini yake kwa miguu.

Wenyeji wanasema fundi mkuu alichoka akapatana na shetani: nisaidie, roho yangu ni yako, mradi utimize kila nitakalokuagiza. Daraja lilipokaribia kwisha akamwambia: haya, wapelekee mafundi maji kwa chungio hili. Shetani akachota, yakavuja, akachota, yakavuja. Sisi tunasema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, ila yule mchukuzi hakupata nafuu. Kwa hasira kila usiku akawa anang'oa jiwe moja la mnara wa kati. Mwaka 1879 walipofanya ukarabati, msanifu akaweka pale juu jiwe lililochongwa kishetani kidogo kinachohangaika kung'oa. Mimi kazi yangu mbao, lakini nilisimama shingo juu mpaka ikaniuma.

Sasa msiba wangu. Shangazi alikuja kutoka Kigoma, nikataka kumpeleka Saint-Cirq-Lapopie, kijiji cha mafundi wa mbao wa zamani, walikuwa wanachonga mabomba ya mapipa ya mvinyo. Lazima nifike, ni wenzangu. Kutoka Cahors unapanda basi la Figeac, unashuka Tour-de-Faure, unavuka daraja unapanda mlima kwa miguu. Mimi nilikuwa na kazi asubuhi, nikamwachia mwanangu aliyezaliwa hapa. Akamwambia shangazi, "Bibi, basi letu ni saa kumi." Shangazi akasali, akalala, akajipikia. Mtoto alikuwa na maana ya saa nne asubuhi! Anasoma saa kama Mfaransa ila anaitamka kwa Kiswahili. Saa kumi ya shangazi ilipofika, basi lilikuwa limeshakwenda na kurudi. Shangazi bado anasema ni mimi niliyemlea mtoto vibaya. Tulikwenda wiki iliyofuata, na ratiba nikaiandika kwa mkono wangu kwenye karatasi.

Baridi Yabisi

Mimi nilikwenda Januari kwa sababu vyumba vilikuwa bei ya kutupa. Sarlat, Beynac, La Roque. Kila mlango umefungwa, gabare zimefunikwa maturubai, na mgahawa mmoja uliokuwa wazi ulifunga jiko saa nane kamili mchana. Nilifika nimechelewa dakika kumi. Nikala biskuti kwenye benchi natazama mto. Mto ulikuwa mzuri, sisemi uongo.

Nahodha Bila Chombo

Jamani mimi mtoto wa Nungwi, ngalawa nimeanza kuishika kabla ya kalamu. Tulipofika Vitrac, kando ya mto Dordogne, mie na rafiki yangu wa Mwanza tukakodi mtumbwi wa plastiki. Wanakupa jaketi okozi na pipa dogo lenye kifuniko cha kukaza, humo ndio simu na pasi zenu. Unashuka na maji, mwisho wa safari wanakuja kukuchukua na basi dogo. Wa Mwanza swali lake la kwanza: "Humu mamba wapo? Viboko?" Yule kijana wa kukodisha akadhani anatania.

Mie nikakaa nyuma, nikasema niachieni. Bahari ina upepo na mkondo unaoujua, ule mto una changarawe zilizojificha chini ya maji ya magotini. Kabla hata ya La Roque-Gageac tushapanda fungu. Tunasukuma, tunaanguka, maji baridi kama ya friji. Ikapita familia, baba na mama na mtoto wa miaka minne kashika kasia lake dogo, katupungia mkono. Wa Mwanza hadi leo ananiita nahodha.

Ila nasema kweli, zile ngome ukizitazama kutoka chini majini ndio unazielewa. Kila pembe ya mto ina moja, na zote zimekutolea macho. Mfanyabiashara na mashua yake angepitia wapi bila kuonekana?

Dada wa Kisauni

Asanteni sana. Mimi naenda Mei inshallah, kwa kaka yangu Bergerac. Maswali mawili: visa, kama nalala kwa ndugu nahitaji nini? Na wikendi au katikati ya wiki?

Kijana wa Pangani

Dada, kaka yako aende ofisi ya meya wa mji wake akuombee attestation d'accueil, ndiyo karatasi ya kuonyesha nani anakupokea. Aanze mapema, kila ofisi ina mwendo wake. Siku: Jumamosi asubuhi uwe soko la Sarlat, Jumapili ukae mtoni na chakula ulichonunua jana yake, maana Jumapili jioni na Jumatatu utatafuta duka kama mchawi anavyotafuta usiku.

Bi Mkubwa wa Mvita

Mwanangu wa Kisauni, sisi tutakuwa huko Mei hiyohiyo na gari lina nafasi moja. Nitumie ujumbe pembeni. Viatu vya kisigino uviache nyumbani, na dukani utatangulia wewe kusema bonjour, mimi nimechoka kufundisha.

Nahodha Bila Chombo

Mama, mtumbwi je?

Bi Mkubwa wa Mvita

Na wewe? Hata kwenye beseni.