Tupeane uzoefu: ni chuma gani ulichimbua ukashindwa kukijua?

Naanza mimi, niko Kibos, karibu na Kisumu. Nilinunua detekta ya mtumba, ile mashine ya kutafuta chuma ardhini, nikijua naenda kutajirika, siku ya kwanza ikalia kando ya daraja la reli nikachimba mpaka kiwiko nikatoa kitu kizito, mwili mraba, kichwa kimelala upande mmoja, ncha kama patasi. Wiki nzima naambia watu ni mkuki. Mzee mmoja aliyestaafu reli hata hakukishika, akacheka tu, huo ni msumari wa kufunga reli kwa mbao. Na reli ilifika Kisumu 1901 sijui mkuki niliutoa wapi. Wengine leteni.

*

Kakamega, huku Rosterman. Hapa watu walichimba dhahabu tangu miaka ya 1930 so detekta inalia kila hatua, waya, vizibo vya soda, taka tupu. Siku moja nikapata kadude ka manjano, sumaku haikashiki, nikapiga simu nyumbani wachinje kuku. Kufika, mama akakaoshea kwa karai akaona nyuzi za kufungia ndani, akauliza, "Baba, hii si ya pampu ya karabai?" Shaba bana. Na kuku alikuwa kwa sufuria tayari.

*

Senti kumi yenye tundu na pembe mbili za ndovu nimepata Njoro kama tano hivi, hizo ni za mkoloni, zimeandikwa East Africa, hazisumbui kujua.

*

Mimi sina mashine, ni jembe tu lilinigongea, Funyula. Bapa la chuma kama jani, nyuma lina mkia mrefu. Nikalipiga grainda ling'ae ndio nipost. Kukhu, yaani nyanya yangu, alipoliona akanyamaza kwanza, halafu akasema hilo ni jembe la wahunzi wa Samia, zamani watu walikuwa wanatoa mahari na hayo. Alama za nyundo zote nilikuwa nimeshazifuta. Hakuniongelesha siku mbili, na mimi sijui hata nimwambie nini.

*

Wa Kibos tena. Nisaidieni hii: sahani ya chuma, upana wa kiganja, tundu katikati, pembeni imekatwakatwa vijishimo sawasawa mzunguko wote. Nimesema ni gia ya saa kubwa.

*

Njoro hapa. Saa gani bana, weka punje ya mahindi kwa hako kashimo uone.

*

Imeingia.

*

Ni ya planta, mashine ya kupandia mahindi. Ilikuwa inazunguka chini ya debe la mbegu ikiangusha moja moja.